Donc Yako Imekaa Juu ya Nini?

Vijana wangu, kuna neno moja ambalo nikilisikia naweka kikombe chini. Neno lenyewe ni donc, yaani kwa hiyo ya Kifaransa. Hapa Bukavu tunalitia kila mahali, hata pale lisipohitajika. Juzi nilikuwa sokoni Nyawera kununua sambaza, nikamsikia mwenye moto mmoja, hizi pikipiki za abiria, akimwambia mwenzake kwamba yule maman amenunua samaki wengi, donc nyumbani ana wageni. Yule maman ni mimi. Sikuwa na wageni, nilikuwa na njaa na friji mpya. Nilitamani nimgeukie nimwulize swali nililoulizwa mimi maisha yangu yote ya kazi: donc yako imekaa juu ya nini?

Kazi yangu ilikuwa maziwa. Nilifanya kwenye laiterie, kiwanda kidogo cha maziwa, kule Kasha mpaka magoti yalipokataa mlima. Maziwa yalishuka kutoka vilima vya Kabare asubuhi, mengine kichwani mwa akina mama, mengine nyuma ya moto, nasi tuliyageuza kuwa fromage, yaani jibini, na mtindi, huu mnaouita yaourt. Wateja wetu wa Muhumba waliula kwa kijiko wakiwa mezani. Wa Nyawera waliunywa wamesimama, na mimi nadhani hao ndio walioujua utamu wake.

Mkubwa wetu aliitwa Papa Bisimwa. Alipitia seminari akiwa kijana, akatoka kabla ya kuwa padri, na mwenyewe alieleza kwamba alipenda vitu viwili kuliko ukimya, maziwa na mabishano. Huko seminari walimfundisha namna ya kupanga hoja, na alipokuja kwetu alileta hiyo elimu yote akaimwaga jikoni. Sisi tulikoroga maziwa, yeye alikoroga vichwa vyetu.

Alitufundisha kwa kutumia mafiga. Hitimisho, alisema, hiyo donc yako, ni sufuria. Haisimami hewani. Maneno unayoyatanguliza ndiyo mafiga, nayo lazima yafanye mambo mawili. Kwanza yapangwe vizuri, sufuria ikikaa isiteleze. Pili kila figa liwe jiwe kweli, lisiwe bonge la udongo linalofanana na jiwe. Watu wengi huangalia jambo moja, la pili wanalisahau, kisha wanashangaa maziwa yakimwagika.

Mfano wake wa kila mgeni ulikuwa huu. Maziwa yote yaliyochacha hukatika yakiwekwa motoni. Haya yamechacha. Donc nikiyaweka motoni yatakatika. Hapo hakuna ujanja. Ukikubali maneno mawili ya kwanza, la tatu huwezi kulikataa, hata ukilia. Kisha aligeuka na kutoa mfano wa pili kwa sauti ileile ya upadri: kila anayekula fufu huruka angani, Murhula anakula fufu, donc Murhula huruka angani. Murhula alikuwa mwenzetu wa mapokezi, mwanaume mnene anayependa fufu kupita kiasi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Papa Bisimwa akangoja tumalize, akasema kwamba mpangilio wa hoja ile ni safi kabisa, haukosi kitu. Ubovu uko kwenye figa la kwanza. Fikra inaweza kunyooka kama kamba na bado ikakupeleka kwenye uongo, kwa sababu ulianza na uongo.

Msidhani alikuwa hakosei. Alitusimulia mwenyewe jinsi alivyoanza kutumia densimètre, kile kipimo cha kioo unachokitumbukiza kwenye maziwa. Maziwa mazito hukibeba juu. Yaliyotiwa maji hukiachia, kikazama zaidi. Siku yake ya kwanza kipimo kilizama kwenye kila bidon, kila dumu la maziwa, akafoka kwamba Kabare nzima ni wezi. Maman mmoja mzee akamshika mkono akamwambia asubiri maziwa yapoe. Yalikuwa bado na joto la ng'ombe, na maziwa ya moto hukizamisha kipimo hata yakiwa matupu bila tone la maji. Yule maman, Papa Bisimwa alisema, alimfundisha zaidi ya kitabu kizima. Basi nanyi mkipewa kipimo chochote, hata hicho cha kwenye simu, ulizeni kwanza kinasema kweli katika hali gani.

Sasa niwaambie habari ya Nsimire, maana ndiyo iliyonifanya nielewe kwamba mambo haya si mchezo wa jikoni.

Nsimire alikuwa mama kijana wa huko juu, mume wake anafanya kazi mbali, watoto wadogo ndani. Alituletea maziwa ya ng'ombe mmoja aitwaye Sifa. Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa baba mkwe wake, mzee Akonkwa, na yeye alikabidhiwa amfuge. Mnajua utaratibu huo, na asiyejua nitamweleza. Mfugaji anachukua maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anachukua ndama, na siku moja, akiridhika, humpa mfugaji ndama mmoja awe wake kabisa. Siku hiyo huiamua yeye. Sifa alikuwa amekwisha kuzaa mara kadhaa, na kila mara mzee Akonkwa alipata sababu. Mara ndama wa deni la harusi, mara ndama wa ukoo, mara huyu ni dume. Nsimire alikuwa anangoja tu, anakata majani, anakamua, anashuka.

Asubuhi moja mtindi wetu haukuganda. Sufuria nzima ilibaki maji ya maziwa. Kesho yake vilevile. Wauzaji wetu wa Nyawera walirudi na vikapu vitupu na midomo iliyojaa maneno. Papa Bisimwa alikuwa na mkutano na wafugaji wote huko juu Jumamosi, na sheria yetu ilikuwa wazi: anayetia maji kwenye maziwa anatajwa mbele ya wote na hapokelewi tena. Na kwa Nsimire isingeishia hapo. Mzee Akonkwa alikuwa ameshasikia minong'ono, akatuma salamu kwamba mke wa mwanawe akitajwa, Sifa atatoka zizini mwake jioni hiyohiyo. Hakuna mzee wa kule anayekubali ng'ombe wake aitwe wa maji.

Kwa nini minong'ono ilimwangukia yeye? Kwa sababu ya Murhula. Alikuwa amepanda kule juu kwa shughuli zake na akamwona.

“Nilimuona na macho yangu,” alituambia. “Alikuwa ku chemchem, bidon iko mu maji. Donc anatiaka maji.”

Papa Bisimwa hakumkaripia. Alivua kofia yake ya kazi, akamwomba ayapange mafiga yake mezani. Murhula akayapanga: anayetia maji lazima apite kwenye chemchemi, Nsimire alipita kwenye chemchemi. Papa Bisimwa akamwuliza Murhula mke wake huteka maji wapi. Akajibu kwenye chemchemi. Basi na yeye anatia maji kwenye maziwa? Murhula akasema mke wake hana hata ng'ombe. Hapo sote tukaona shimo. Ni kweli mwizi wa maziwa atapita chemchemini. Lakini hapo hupita pia mwoshaji nguo, mwenye kiu, na kijana anayemngoja mchumba. Ukiijua njia ya mwizi, hujajua kwamba kila anayepita njia hiyo ni mwizi.

Hili ndilo kosa ambalo ningependa mlijue kuliko yote, kwa sababu huja limevaa suti. Mvua ikinyesha, barabara huloa. Barabara imeloa. Donc mvua imenyesha? Subiri kwanza, huenda bomba limepasuka, na mtu wa Bukavu hapaswi kufundishwa juu ya mabomba. Rudini nyuma polepole. Sababu huzaa matokeo, lakini matokeo yaleyale huweza kuwa na wazazi wengi.

Nilimwita Nsimire pembeni nikamwuliza alikuwa anafanya nini pale chemchemini.

“Maman Faida, maji iko inje ya bidon, haiko ndani,” alisema. “Natiaka bidon mu maji ya baridi, maziwa ipowe mbele ya kushuka. Ni weye njo ulitufundisha.”

Na kweli ni mimi niliyewafundisha. Wengi walisahau, yeye hakusahau. Ile bidii yake ndiyo iliyokuwa imegeuzwa ushahidi wa kumfunga. Nilihisi uchungu, nawaambia wazi, na hapo nikamwomba Papa Bisimwa anipe kazi hiyo niifuate mpaka mwisho. Akakubali, ila akaniambia nisiende kumtetea. Niende kutafuta.

Kwanza nilichukua vikombe vidogo, nikatia maziwa ya kila mfugaji peke yake, nikaongeza kwenye kila kimoja kijiko cha mtindi mzima uliobaki wa kabla ya ubaya kuanza, ndiyo mbegu yetu, nikavifunika kwa blanketi. Jioni vyote vilikuwa vimeganda vizuri isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha Nsimire. Murhula alifurahi kama mtu aliyeshinda kura, akafungua mdomo atoe donc yake. Nikamwomba aufunge kwanza.

Kikombe kile kilituambia mambo mawili tu. Mbegu yetu ni nzima, kwa sababu imefanya kazi kwa wengine. Na ubaya uko kwenye maziwa ya Nsimire. Hakikusema ubaya gani. Ndipo nikatumia hoja ambayo huwa naipenda zaidi, ile ya kurudi kinyume. Kama kungekuwa na maji, kipimo kingezama. Nikayaacha maziwa yapoe, nikatumbukiza densimètre. Hakikuzama. Donc hamna maji. Tazameni ilivyo na nguvu: huwezi kuthibitisha sababu kwa kuona matokeo, lakini unaweza kuifuta sababu kwa kuyakosa matokeo.

Murhula akanijibu, na jibu lake lilikuwa la akili, lazima nimpe haki yake. Alisema mtu mjanja anaweza kuondoa krimu juu, maziwa yakawa mazito zaidi, kisha akaongeza maji kidogo mpaka kipimo kidanganyike. Ni kweli kabisa, hiyo hila ipo. Figa langu la “maji yakiwemo kipimo kitazama” lilikuwa na ufa. Basi nikayaacha maziwa kwenye glasi mpaka asubuhi, na krimu ikapanda juu nene, ya manjano, kama ya ng'ombe aliyekula vizuri. Hila ya Murhula ingetaka krimu ipungue. Haikupungua. Sasa maji yalikuwa yamefutwa kweli, na aliyeyafuta ni mimi pamoja na yule aliyenibishia. Mtafuteni mtu wa kuwabishia, vijana. Anayekubali kila neno lako hakusaidii kitu.

Zilibaki sababu mbili tulizozijua. Javel, yale maji makali ya kuoshea vyombo, ikiwa bidon imeoshwa nayo na haikusuuzwa vizuri, huua mbegu. Na dawa, ikiwa ng'ombe amechomwa sindano au ametiwa dawa kwenye kiwele, maziwa yake huua mbegu kwa siku kadhaa, na hayafai kuuzwa wala kunywewa. Asubuhi nikapanda mwenyewe na bidon yetu niliyoisuuza kwa mikono yangu. Nsimire akakamua ndani yake mbele ya macho yangu. Nikashuka, nikaweka kikombe. Hakikuganda. Javel ikafutwa.

Ikabaki dawa. Nikamwuliza Nsimire. Akaapa.

“Sijaona mutu anamuchoma Sifa sindano,” alisema. “Mi njo namukamuaka, mi njo namulishaka, nalalaka karibu na ye.”

Nilimwamini, na bado namwamini. Nikarudi kwa Papa Bisimwa nimekata tamaa, maana nilikuwa nimefuta kila kitu na tatizo lilikuwa bado lipo. Yeye alikuwa anafunga fromage kwenye majani, hakuinua hata kichwa. Akanieleza kwamba ukifuta sababu zote, kuna mambo mawili tu: ama hukuziorodhesha zote, ama moja umeifuta kabla ya wakati. Akaniuliza ile dawa nimeifuta kwa kutumia nini. Nikasema kwa neno la Nsimire.

“Nsimire alisema hakuona,” akaniambia. “We ukasikia kama haikufanyika. Nani mwengine eko na ruhusa ya kugusa ile ngombe?”

Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Swali lenyewe lilikuwa na jibu ndani yake. Ng'ombe alikuwa wa mtu.

Mzee Akonkwa alinipokea vizuri, akanipa kiti chake mwenyewe. Hakuficha chochote, kwa sababu hakujua kuna kitu cha kuficha.

“Nilileta veterinaire siku ya yenga, bo beko ku misa,” alisema. “Ziwa moja ilikuwa imevimba. Akatia dawa, akachoma na sindano. Ngombe iko yangu. Nilipashwa kuomba ruhusa kwa nani?”

Nikamweleza taratibu, kwa heshima yote, kwamba dawa ile ndiyo iliyoua mtindi wetu, na kwamba mkwe wake alikuwa karibu kunyang'anywa Sifa kwa sababu hiyo. Alitazama fimbo yake. Nadhani alikuwa anayapanga mafiga mwenyewe, na hakupenda sufuria iliyotokea juu. Kisha akaniuliza mkutano unaanza saa ngapi.

Jumamosi akaja na koti lake la misa. Nsimire alikaa nyuma kabisa, macho chini, kwa kuwa kule kwetu mke wa mwana hasemi ovyo mbele ya baba mkwe, sembuse kumshtaki. Papa Bisimwa alieleza habari ya dawa bila kumtaja mtu. Watu wakaanza kutazamana. Hapo mzee Akonkwa akasimama, akaegemea fimbo.

“Maziwa iliharibika juu ya dawa,” alisema. “Dawa nililetesha miye. Nsimire hakutia maji, na hakujua.” Akapumua. “Donc ndama yenye iko mu tumbo ya Sifa, itakuwa ya Nsimire.”

Kelele ya furaha ilizuka mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nsimire alifunika uso kwa kitenge. Murhula, ambaye hakuna aliyemwomba, alipiga makofi kuliko wote, na baadaye alimtafuta Nsimire akamwomba msamaha bila kuzunguka. Lakini mimi nilikuwa namtazama Papa Bisimwa. Nilimwona anakunja uso, nikajua nini kinakuja. Alikuwa amesikia hitimisho ambalo halikutoka kwenye maneno yaliyotangulia. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, kwa kisigino, akaufunga.

Siku hizi laiterie nyingi zina bandeleti, vikaratasi vya kupima dawa. Unachovya, unangoja kidogo, rangi inakuambia. Ni kitu kizuri, nisingerudi kwenye vikombe na blanketi hata kwa kulazimishwa. Lakini bandeleti inasema dawa ipo. Haisemi nani aliitia, wala kwa nini, wala nani asulubiwe. Hiyo kazi imebaki kuwa yenu. Na meseji ikija kwenye simu yako usiku imetumwa na watu wengi, donc ni kweli, ujue hiyo ni chemchemi tu. Wengi wamepita hapo.

Sijamaliza kuhusu Papa Bisimwa. Tulishuka pamoja kwa miguu baada ya mkutano, yeye akichechemea kwa sababu yangu. Mwishowe hakuweza kujizuia.

“Ile donc ya mzee haikufwata,” akasema. “Dawa, maji, sawa. Lakini ndama inatoka wapi? Figa yake iko wapi?”

“Iko, Papa,” nikamjibu. “Kuna moja hakuitaja.”

“Gani?”

“Alisikia aibu.”

Papa Bisimwa alitembea akiipima hiyo hoja kama alivyopima kila kitu, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kurudi mbele. Tulikuwa karibu kufika Kasha aliposimama, akavaa kofia yake vizuri, akaniambia, “Basi. Sufuria imekaa.”